Ufa kwenye Bomba la Oili

Walikuwa wamebakiza kilomita sitini kuvuka uwanda wa chumvi injini ilipokwama ghafla. Gurudumu la nyuma lilijifunga, pikipiki ikaserereka, wote wawili wakamwagika chini. Fundi aliinuka na kiwiko kilichochunika. Mama mkwe wake alikuwa bado chini, mguu umebanwa na ekzosi, ngozi inanuka kuungua.

Alimchomoa. Mama hakulia. Aliuliza tu, "Itawaka tena?"

Binti yake, mke wa fundi, alifundisha shule ya kambi ya mgodi ng'ambo ya uwanda. Alfajiri ile zilikuja habari kwamba uchungu umemshika kabla ya miezi kutimia, na anamtaka mama yake. Lori la abiria lilipita mara moja tu kwa wiki. Ndipo wakapanda pikipiki kuukuu ya marehemu baba yake fundi, ya silinda moja, yenye mngurumo wa kinu.

Fundi alichuchumaa. Injini za zamani kama ile hazibebi oili tumboni. Oili hukaa kwenye tangi lake chini ya kiti, na pampu huisukuma kwenye injini kupitia bomba jembamba la shaba. Bomba lilikuwa limepasuka. Tangi lilikuwa kavu.

"Jiwe?" mama akauliza.

"Mtikisiko, mama." Aligeuza uso. Ufa ule aliuona juzi karakanani, akajisemea atauchomelea kesho.

Chuma kilipopoa, alilifunga bomba kwa kipande cha tyubu na waya.

"Mama, una mafuta yoyote kwenye mfuko?"

"Ya kumkanda mtoto."

Walitazamana. Mama akatoa chupa.

Fundi alidondosha kidogo kwenye tundu la plagi, akaingiza gia, akalisukuma gurudumu mbele na nyuma mpaka pistoni iliyokwama ikaachia. Mengine yote akayamimina tangini. Walikwenda kilomita kumi na moja. Kisha fimbo ya pistoni ilikatika na kutoboa ubavu wa injini, na safari hii hakukuwa na la kufunga.

Wakashika njia kwa miguu, na lita mbili za maji. Upepo ulikuwa umefuta alama za magurudumu, wakabaki kulifuata jua. Asubuhi ya pili mguu wa mama ulikuwa umevimba kama gogo. Fundi, aliyezoea kumwamkia kwa kuinamisha macho, akambeba mgongoni.

"Niache hapa, baba. Ukifika utume watu."

"Nikifika bila wewe nitamwambia nini?"

Adhuhuri maji yaliisha. Fundi alianguka mara tatu. Mara ya tatu hakuinuka. Dereva wa lori la chumvi aliwakuta hivyo, mama amemkinga uso kwa kivuli chake.

Zahanati ya kambi, alikowafikisha jioni ile, ilikuwa na chumba kimoja cha wazazi. Mke wa fundi alikuwa hai, amelala ubavu, amepauka kama shuka. Mtoto alikuwa amezikwa asubuhi ile.

"Nini kiliwachelewesha?" aliuliza.

"Pikipiki ilikufa, mwanangu," mama akasema.

"Bomba lilikuwa na ufa," fundi akasema kutoka mlangoni. "Niliuona. Sikuutengeneza."

Mkewe aligeukia ukuta. Kisha mama, mguu wake umenyooshwa kwenye benchi, akajisogeza kwa shida, akaacha nafasi kando yake.

"Kaa, baba," alisema. "Usisimame mlangoni."