Leso Iliyorudi

Foleni ya mchele ya Mlandege, mwaka ule wa 1971, haikuwa mahali pa mapenzi. Watu walisimama tangu asubuhi, jua likiwawakia, kila mmoja na mfuko wake na kinyongo chake. Mwamvua, fundi cherahani, alikuwa ndani ya buibui lililopauka. Aligeuka, akamwona Msabah nyuma yake, kanzu imepigwa pasi, kofia kailaza upande kama zamani alipotaka kumchokoza.

Miaka miwili hawajaonana. Moyo ulimruka, akauficha kwa ukali.

"Mwalimu wa Chwaka leo kafuata mchele wa mjini?"

"Nimekuja kuuona uso ulonkataa."

"Nani kakukataa? Ulisema utaleta posa, ukapotea."

Msabah alimtazama, hajui kama anachezewa. Akamweleza kwamba posa aliileta, barua kaifunga ndani ya leso ya hariri aliyoidarizi Mwamvua mwenyewe. Siku ya tatu Usi, kaka yake Mwamvua, akamrudishia leso tupu. Kwa watu wao, leso ikirudi tupu jibu limekwisha kutoka, na muungwana haulizi tena.

"Ilikuwa kazi ya mkono wako, mpenzi. Nikajua umeirudisha wewe."

Zamu yake ilipofika Mwamvua alichukua mchele, akaondoka hana hata salamu. Nyumbani Amani, Usi alichungulia mfuko akalalamika kuwa mchele una mawe. Bati za nyumba ile, dawa za mama, hata harusi ya Usi, vyote vilitoka kwenye cherahani ya Mwamvua, na ahsante hajapata kuisikia. Aliuliza habari ya leso. Usi akamtazama mama yao, Bi Sichana, ambaye aliendelea kuchagua mchele.

"Ungeolewa, nani angetulisha?" alisema mama. "Mwamvua mwanangu, wewe ndiye mwanamme wa nyumba hii. Mwanamme haposwi."

Alisema kwa upole kabisa, na upole huo ndio uliomuua Mwamvua. Alijifungia chumbani akalia mpaka sauti ikamkauka. Alikuwa na miaka thelathini na mbili, na watu aliowapa ujana wake walikuwa wakimwita nje akapike.

Asubuhi alimkuta Msabah kwenye baraza ya kibanda chake cha ushoni, macho mekundu, naye hakulala. Mwamvua aliogopa kuuliza, akauliza.

"Umeoa?"

"Sijaoa."

"Leso unayo?"

Msabah aliitoa mfukoni mwa kanzu. Ilikuwa imechakaa kwenye mikunjo kwa kukunjwa na kukunjuliwa.

"Tangu baba afe Usi ndiye walii wangu, na hatonioza," Mwamvua alisema. "Hata ukileta posa mia."

"Basi tufanye nini, Mwamvua?"

Alikifunga kibanda, cherahani ikabaki ndani, akaichukua leso akajifutia uso.

"Nipeleke kwa kadhi, anioze yeye. Nnataka nkamwambie mwenyewe kuwa mimi ni mwanamke."