Chupa ya Muriel

Asubuhi moja ya Februari 1922, maabara ya hospitali moja mjini Toronto iliamkia balaa. Chupa pekee ya dawa mpya ya kisukari iliyokamuliwa kutoka kongosho za ng'ombe ilikuwa imetoweka kwenye sanduku la barafu. Ilikuwa ya Muriel, mtoto wa miaka tisa aliyelala wodini mifupa mitupu. Bila kudungwa sindano jioni hiyo, hangefika kesho.

Sajini Ewart Mabee alianza na Tully, mfagizi, maana alinuka spiriti tangu mlangoni.

"Umeiba wewe."

"Spiriti nimeiba, afande, sikatai. Serikali imefunga baa zote, nifanyeje? Lakini ile dawa inanuka bucha! Nani ainywe?"

Mabee alicheka bila kupenda, akamwachia. Alipanda wodini. Muriel akamnong'oneza, "Una peremende?"

"Huyu haonji hata asali," muuguzi alidakia. "Kwa wenye kisukari ni sumu. Peremende atapewa akianza dawa. Sindano ikizidi, sukari hushuka, mtu akatetemeka mpaka akazirai. Hapo kitu kitamu ndicho humwokoa."

"Ufunguo wa sanduku anao nani?"

"Dokta Lumsden, anayeitengeneza. Leo hakuja. Mkewe naye ana ugonjwa huohuo, maskini."

Lumsden alimpokea Mabee nyumbani kwake kwa adabu, akampitisha chumbani. Bibi Winifred alikuwa kitandani, mwembamba wa kutisha, na bakuli la peremende kando ya mto.

"Za wageni," Lumsden aliwahi kusema.

"Wageni hula kitandani kwa mgonjwa, Dokta? Mwenye kisukari huwekewa peremende kwa sababu moja tu."

Lumsden alikaa sakafuni. "Nimeichuja kwa mikono yangu. Niitazame ikienda kwa mtoto wa watu, mke wangu ananifia? Wewe ungefanyaje?"



"Harold," Winifred alisema, "uliniambia zamu yangu ya dawa imefika."

Lumsden aliinamisha kichwa. Mkewe alijivuta hadi dirishani, akaichomoa chupa kwenye theluji ya nje.

"Imepungua sindano moja tu. Wahi, Sajini."

"Winnie, usimpe! Nakusihi!"

Hakumtazama. Alimwekea Mabee chupa mkononi, kisha akachukua bakuli.

"Na hizi mpelekee mtoto. Mimi sina kazi nazo tena."