Figa Lililoitangulia Dunia

Ijumaa, tarehe 9 Julai 2094. Asubuhi hiyo Dodoma ilikuwa na baridi kavu, na upepo ulirusha vumbi jekundu hadi kwenye madirisha ya ghorofa ya arobaini, ambako Kisomajiwe kilikuwa kazini.

Mashine hiyo iligeuza jiwe kuwa mvuke kwa mwali wa mwanga, kisha ikahesabu atomi zake. Ndani ya jiwe madini ya urani hugeuka kuwa madini ya risasi polepole sana, kwa mwendo usiobadilika. Ukijua imebaki urani kiasi gani na risasi imekuwa kiasi gani, umejua umri wa jiwe. Dk. Tusekile Mwambene alizoea kusali kabla ya kila kipimo. Siku hiyo hakusali. Alikuwa na haraka.

Jiwe lenyewe lilikuwa figa. Lilianguka kutoka angani zamani, na ukoo wa Mzee Chilongani ukalipikia kwa vizazi vitano. Sasa kila nyumba ilipika kwa umeme, lakini mafiga yale matatu yalibaki uani, kwani kila binti wa ukoo alisonga ugali juu yake siku ya kuolewa. Kesho ilikuwa zamu ya Nyemo, binti wa mwisho wa Mzee.

"Nahitaji punje tu, kama ya chumvi, baba," Tusekile alikuwa amemwambia Mzee alipolichukua wiki moja kabla. "Harusi italikuta hapa."

Lakini moshi na majivu yalikuwa yamepenya kwenye nyufa, na punje ya kwanza ikatoa majibu yasiyoeleweka. Akachimba ndani zaidi. Kila siku akachimba tena.

"Limebaki kiasi cha kiganja," Kisomajiwe kilisema kwa sauti yake ya upole. "Niendelee, Daktari?"

Fundi wake, Hobokela, aliinuka. "Dada, acha. Wenyewe wanalisubiri."

"Tumekaribia, Hobokela. Endelea!"

Saa nne jibu likatoka: miaka bilioni nne na milioni mia tano sitini na saba. Jiwe lile lilikuwa vumbi lililoshikamana likilizunguka Jua changa, wakati Dunia bado haijaumbika, bahari hazipo, hata mvua ya kwanza haijanyesha. Ofisi nzima ilishangilia. Tusekile alitazama sahani ya mashine. Ilikuwa tupu.

Mkurugenzi wa taasisi alimwandikia barua ya kumpelekea Mzee: mashine ilipata hitilafu, taasisi inasikitika.

Jumamosi Tusekile aliikuta familia uani. Nyemo alisimama na mwiko mkononi, mbele ya mafiga mawili na sufuria iliyowekwa chini.

"Daktari kaja mikono mitupu!" shangazi mmoja alipaza sauti. "Au jiwe kalila yeye? Mbona hajanenepa?"

Wageni wakacheka. Mzee Chilongani hakucheka. Aliisoma barua mpaka mwisho, akaikunja.

"Umri wake mliupata?"

Tusekile akamtajia, akamweleza na jinsi Jua na Dunia vilivyotokana na vumbi lile lile. Mzee alisikiliza kwa makini, kama mtu anayepewa habari za marehemu wake.

"Basi Mungu alilitunza miaka yote hiyo," alisema taratibu. "Wewe, mwanangu, siku nane zimekushinda."

Nyemo aliuweka mwiko juu ya figa mojawapo, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Dada, niambie kweli tu. Ni mashine?"

Tusekile angeweza kuitika kwa kichwa, akapanda gari, yakaisha. Badala yake alipiga magoti kwenye vumbi, mbele ya bibi harusi.

"Si mashine. Iliniuliza, nami nikaiamuru iendelee, kwa tamaa yangu. Barua hii ni ya uongo. Jumatatu nitasimama mbele ya mkurugenzi na waandishi wa habari niyaseme haya haya, hata wakinifukuza kazi. Mungu ananisikia, na ninyi nyote mlio hapa ni mashahidi wangu."