Sikio la Kushoto

"Yaani umeniweka chini ya Kasuku!"

Mchumba alivua hedifoni, akazibwaga mezani. Mwenye studio akatazama ukutani, kama jirani aliyefumania ugomvi wa watu.

"Nani kasema?" Dijei aliuliza.

"Wimbo wenyewe! Huyo mwimbaji wako Kasuku kule kushoto anapayuka kama mwenye nyumba. Mimi huku kulia nanong'ona kama mpangaji."

"Shemeji hajakosea," mwenye studio akasema. "Kushoto kunatoboa masikio. Klabuni watu wamelewa, watacheza tu. Huku mtu anakaa kwake, anasikiliza."

Dijei akacheka kicheko kikavu. Wimbo huu ndio ungemtoa klabuni, aanze kutengeneza muziki, ndoa ifuate.

"Mbona mimi nasikia wamelingana?"

Hapo mchumba akamkazia macho. Alikuwa fundi cherehani; jicho lake lilizoea mshono uliopinda. Akakumbuka: wakitembea, Dijei humhamishia kulia. Wakila, kulia. Simu, sikio la kulia. Na miaka yote ile klabuni, hedifoni aliibana kwenye sikio la kushoto, akiutafuta wimbo unaofuata kwa sauti ya kushinda spika za ukumbi.

Akapita nyuma ya kiti cha Dijei. Akamziba sikio la kulia kwa kiganja, kama anamtania.

"Nakupenda," akasema.

Kimya.

"Kasuku ni hawara yako?"

Kimya.

"Nyumba inaungua."

Dijei akatabasamu. "Haya, sema basi. Nakusubiri."

Mwenye studio akajishika mdomo, akatoka nje.

"Tangu lini?" mchumba aliuliza, sasa upande wa kulia.

Tabasamu likaanguka. "Tangu mwaka jana."

"Daktari anajua?"

"Anajua. La kushoto limekwenda. La kulia bado zima, ila nikizirudia zile spika hata mara moja, nalo linaweza kufuata."

"Na mimi ukanificha!"

"Nani atampa kiziwi wimbo? Nani atampa mke?"

"Mimi hapa. Lakini uape."

"Naapa kwa Mungu, klabu sirudi."

"Ukirudi, ndoa hakuna. Sikutishi, mwenzangu. Nakuambia tu."

Kiapo si mate. Ukishakitema, Mungu anakiokota.

Wakaurudia wimbo pamoja, yeye akisikiliza kushoto, Dijei kulia, vichwa vimegusana kama watoto wanaochungulia kisima. Mwenye studio aliusikia mara moja tu, akampa Dijei ufunguo wa studio. Ndoa ikapangwa Jumapili.

Wiki ile ile ukaingia ujumbe wa bosi wa klabu: "Jumamosi tunakuaga. Watu wanakulilia. Usiku mmoja tu, uondoke kwa heshima."

Dijei akaufuta. Ukaja mwingine: "Au bibi harusi keshakufungia kabatini?"

Huo hakuufuta. Aliusoma akila, akausoma akinyoa ndevu. Mwisho akajibu: "Nitapita kusalimia tu."

Jumamosi jioni mchumba alimpigia.

"Uko wapi?"

"Kwa kaka. Nalala mapema."

"Mbona unahema?"

"Napanda ngazi."

Nyumba ya kaka haina ngazi. Mchumba alishika sindano bila kuichoma, kisha akasema:

"Haya. Lala na Mungu."

Akaendelea kushona shela yake, na kila alipomaliza mshono aliomba awe yeye ndiye mwenye dhambi ya kudhani vibaya.

Jumapili alisimama kulia kwa Dijei, upande ule mzima.

"Umependeza," alimwambia.

Dijei alitazama mbele, anatabasamu.

"Bwana harusi anaringa leo!" shangazi akachokoza nyuma, watu wakacheka.

"Umelala salama?" mchumba akauliza tena.

Dijei akainama. "Eh? Watu wana kelele."

Wakati huo vicheko vilishakwisha. Ukumbi ulitulia hata feni ikasikika.

Mfungisha ndoa akamgeukia. "Bwana, unamkubali huyu awe..."

"NDIYO!" Dijei alipayuka, macho kwenye midomo ya mzee, swali bado halijakatika. Watu wakacheka tena.

"Ana haraka huyo, mfungieni!" shangazi akasema.

Bibi harusi peke yake hakucheka.

"Na wewe binti, unamkubali?"

Alimgeukia Dijei. Shela aliyoishona mwenyewe ilimfunika midomo.

"Ulikwenda," akamwambia.

Dijei akaitikia kwa kichwa, kwa furaha, kama mtu anayeambiwa habari njema.

"Uliapa, nami nilikuambia." Chozi likadondoka juu ya lesi. Akamtazama mfungisha ndoa. "Baba, simkubali."

Mkoba wa shangazi ukaanguka sakafuni. Mzee akavua miwani.

Dijei, uso umejaa nuru, akanyoosha kidole chake, akisubiri pete.