Alama ya Kijani Bondeni

Kila jioni Nyanchera na rafiki yake Persis waliteka maji pamoja katika chemchemi ya kijiji chao, Gesima. Ukame ulikuwa umekaza. Majirani walikubaliana kwamba maji ni ya kunywa na kupikia tu, mtu asimwagilie shamba. Nyanchera alitii, akaiangalia mboga ya chinsaga aliyowapandia wadogo zake ikinyauka. Persis alilia naye. "Hata mboga zetu zimekwisha," alisema.

Sabato kadhaa Persis hakuja kanisani. "Mwambie mwalimu wetu wa Shule ya Sabato naumwa tumbo," alimsihi Nyanchera. Naye alisema hivyo, tena akamwombea.

Siku moja shuleni, Mwalimu Nehemiah aliwaonyesha kwenye kompyuta picha zilizopigwa na setilaiti kutoka angani. Mwaka jana kijiji chote kilikuwa kijani. Mwezi huu kijiji kilikuwa kahawia, isipokuwa alama moja ya kijani bondeni.

"Ni kwa kina Persis!" Ian, mwanafunzi mwenzao, alicheka. "Kumbe mnanyeshewa peke yenu?"

"Hiyo ni mikaratusi," Persis alijibu haraka.

"Setilaiti huona ukijani tu, haijui kama ni mti au mboga," Mwalimu alisema. "Twendeni tukajionee."

Hapakuwa na mkaratusi hata mmoja. Palikuwa na sukuma wiki, imenona. Chini ya majani makavu ya migomba, mpira wa maji ulifichwa, ukitoka chemchemini hadi shambani. Nyanchera akaelewa. Siku ya Sabato hakuna anayeteka maji. Watu wote huwa kanisani.

"Tumbo lako nililiombea, Persis. Kumbe ulikuwa unamwagilia!"

"Baba ndiye aliyenituma."

"Na machozi je? Hayo pia alikutuma?"

Persis aliinamisha kichwa.

Jioni hiyo baba yake Persis aliukunja mpira mbele ya majirani, akaomba msamaha. Persis alileta kikapu cha sukuma wiki nyumbani kwa kina Nyanchera. Nyanchera hakutoka nje. Mama yake, Loice, alikipokea, kisha akaja kuketi kando yake.

"Mama, siwezi kumwamini tena."

"Leo sikulazimishi," mama alisema. "Setilaiti imeona juzi tu, lakini Mungu aliona tangu Sabato ya kwanza. Maji ya wizi hustawisha mboga, mwanangu, ila hukausha urafiki. Na urafiki ukikauka, hurudi polepole, kwa kusema kweli kila siku."

Kesho yake Persis alikuwa akingoja njiani na ndoo yake. Nyanchera alisimama, akamtazama.

"Tangulia wewe," alisema. "Nitakuja nyuma, nikikuangalia."