Jumamosi ya Mama Zuhra

Katikati ya soko la Masasi, wajukuu zangu, pale kwa wauza vitenge, hata ukiwa mwembamba kama sindano utakanyagwa. Hapo ndipo Stamili alipogongana na mwanaume mwenye filimbi shingoni. Stamili alikuwa amevaa gauni la kijani aliloshona mwenyewe, na kichwani amebeba vitambaa vya wateja wake wa mtaa wa Mkomaindo. Vyote vikamwagika chini.

"Samahani dada, nilikuwa nahesabu watu wangu."

"Watu wako mbuzi, hata uwapigie filimbi?"

Nyuma yake watu kumi na wawili waliovaa raba wakacheka. Mwanaume naye akacheka, akainama kuokota. Shati lake jeupe lilipigwa pasi mpaka mkunjo unakata. Aliitwa Abdulrazaki, fundi wa simu siku za kazi, lakini mwisho wa wiki alitembeza watu kwa miguu. Wengine walikuja kwa ajili ya presha na sukari, wengine kusikia habari za zamani. Jumamosi walipita kwenye kiwanda cha korosho kilichokufa hapo Masasi. Jumapili ilikuwa zamu ya Newala, kupitia maghala matupu mpaka ukingo wa Shimo la Mungu, ambapo ukitazama chini unauona mto Ruvuma kama uzi.

"Twende wote," alisema.

"Nitembee niende wapi?"

"Huendi popote. Unatembea tu."

"Basi wewe umeshiba."

"Kitendawili!"

"Tega," Stamili akajibu kabla hajajizuia.

"Wenzake wote hulaza watoto ndani, yeye wake kamlaza nje."

Ni bibo na korosho yake inayoning'inia nje. Mtoto gani wa Masasi asiyelijua hilo? Lakini Stamili hakutaka maongezi yaishe. "Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Nanganga."

"Nanganga nikafanye nini, nikauze nyanya barabarani? Ongeza."

"Chukua Newala."

"Newala ni kwa baba yangu, unanipa changu mwenyewe?"

"Haya, chukua Masasi yote! Una tamaa wewe."

"Masasi nimepokea," alisema, akimkabidhi kitambaa cha mwisho. "Na wewe umo ndani yake."

Jumapili Stamili akapanda gari kwenda Newala. Akaenda na Jumapili iliyofuata. Kila jioni simu iliita.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Utakonda!"

Mwezi wa tatu tangu siku ile ya soko, Razaki alisema anataka kutuma washenga. Stamili akakubali, ila akamwomba jambo moja: kwanza amtembeze kwenye ile njia ya Jumamosi. Maana yeye, mzaliwa wa mji ule, hakuwahi kupita mbele ya kiwanda. Tangu utotoni mama yake alimshika mkono wakazunguka mbali, hata mvua ikinyesha, wala hakumwambia sababu. Kulikuwa na mengine ambayo mama hakuyasema. Hakuimba akitwanga, hakuimba akibembeleza. Na kulikuwa na kaburi dogo la dada yake, Zuhra, aliyekufa Stamili hajazaliwa. Zamani watu walimwita mama yake Mama Zuhra. Alipompata mtoto wa pili akawakataza kabisa, akawa Mama Stamili, na lile jina la kwanza mji ukalisahau.

Jumamosi ile waliingia kiwandani. Popo walinyea mashine, miti ilikuwa imetoboa sakafu. Katika chumba cha kubangulia korosho, meza ndefu za saruji zilikuwa bado zimesimama, nyeusi kwa mafuta ya maganda. Razaki akapanda juu ya moja, maana hapo ndipo alipopapenda kuliko pote.

"Hapa wanawake mia mbili walibangua korosho, na sheria ilikuwa moja: imba! Anayeimba hawezi kutafuna. Msimamizi akisikia mdomo umenyamaza, anajua korosho zimo shavuni. Basi siku moja akanyamaza Mama Zuhra. Imba! Kimya. Imba, mama! Kimya. Mashavu kama panya buku! Akafukuzwa siku hiyohiyo, na nasikia mpaka leo hajameza!"

Watu walicheka wakishikana mabega. Razaki alipotazama alipokuwa Stamili, aliona mgongo wa gauni lake ukitokomea getini.

Alipiga simu siku tatu. Ya nne ikapokelewa.

"Mpenzi, nimekukosea nini? Nitukane basi, lakini usinyamaze."

"Nikinyamaza utasema natafuna?"

"Stamili…"

"Mama Zuhra ni mama yangu, Razaki. Mwaka mzima unawachekesha watu kwa jina lake kila Jumamosi."

Kesho yake Razaki alikwenda kwao, akamkuta Mama Stamili uani anachambua choroko, kanga imefungwa kiunoni. Viganja vyake vilikuwa na makovu meusi ambayo sabuni haiwezi kuyaondoa. Stamili alisimama mlangoni, hakumkaribisha. Razaki akapiga magoti kwenye mchanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kiwandani?"

"Ndiye mimi. Sikujua, mama."

Mama aliendelea kuchambua. "Asubuhi ile nilimwacha mtoto na homa kwa jirani. Saa nne jirani akaja dirishani. Akaniambia kwa Chiyao, kwa sauti ndogo, kwamba mtoto hayupo tena. Nikamwomba msimamizi ruhusa. Akasema maliza ndoo kwanza. Nikabangua. Mikono ilikubali, mdomo ulikataa. Akanipanua mashavu kwa vidole, mbele za watu, akitafuta korosho." Akatupa jiwe dogo pembeni. "Nilifika nyumbani wameshamwosha."

Stamili alikuwa analia. Hata yeye alikuwa hajawahi kuyasikia. Razaki naye akainua kichwa, kwa sababu ile hadithi hakuiokota njiani.

"Mama, msimamizi alikuwa nani?"

"Swalehe. Mtu wa Newala."

"Ni baba yangu," alisema. Akatoa simu, akampigia kwa sauti ya juu, akaiweka juu ya ungo.

"Baba, yule Mama Zuhra. Ulijua mtoto wake amefariki?"



"Ndoo ilikuwa nusu," mzee alisema.

Razaki akaizima. Mama akasukuma ungo kando.

"Nasikia unapenda vitendawili. Kitendawili."

"Tega, mama."

"Ninaye mtoto. Kila Jumamosi watu humtaja wakicheka, naye haitiki."

Jibu Razaki alilijua, wajukuu, hata nyinyi mnalijua. Lakini jina la mtoto yule hakuthubutu kulitoa mbele ya mama yake.

"Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

"Chukua Newala."

"Newala yupo baba yako. Sitaki."

"Chukua Masasi."

"Masasi nimeizunguka miaka thelathini na saba kwa kukwepa geti moja. Nitaifanyia nini?"

"Basi sina mji mwingine."

"Nipe Jumamosi," alisema. "Moja tu. Uiseme ilivyokuwa, nami nikiwepo."

Jumamosi iliyofuata watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Mama alitembea katikati ya barabara, Stamili akimshika mkono kama alivyoshikwa yeye zamani. Katika kile chumba mama akahesabu meza kwa kidole, akasimama kwenye ya sita, iliyokuwa yake. Razaki hakupanda juu ya kitu. Alisema yote, pamoja na jina la baba yake na ndoo iliyokuwa nusu. Mama mmoja mwenye raba nyekundu, aliyecheka wiki iliyotangulia, alijifunika uso kwa ushungi.

"Huyo mama anaitwa nani hasa?" mwingine akauliza taratibu.

"Mama Zuhra," mama alijibu mwenyewe. Akaweka kiganja juu ya saruji, kikakaa hapo. Watu wote walinyamaza, na safari hii hakuna aliyewaambia waimbe.

Walipotoka, getini alikuwa amesimama mzee mwenye kanzu ya kijivu na bakora. Alikuwa amekuja kutoka Newala, na miguu ilikataa kuingia. Alimzidi yule mama miaka kumi na tano au zaidi. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama Zuhra."

Watu wakasikia mzee anamwamkia mtu aliye mdogo kwake.

Mama alimtazama. Akapita.

Hatua kama ishirini mbele akasimama bila kugeuka.

"Stamili, bado unamtaka huyu?"

"Namtaka, mama."

"Razaki, washenga waje Jumapili. Baba yako asiwe kati yao." Akarekebisha kanga. "Na waambie wasiimbe njiani."

Razaki akatazama nyuma. Baba yake alikuwa bado ameinama, akisubiri marahaba. Akamtazama Stamili, ambaye hakusema njoo wala baki. Kisha akamfuata Stamili, kwenye ile njia fupi ya kupita kiwandani ambayo mama hakuwahi kumpitisha binti yake.