Nusu ya Betri, Nusu ya Kahawa

Stendi ya mabasi ya Bukoba ilifurika Jumamosi ile ya mwanzo wa Juni, mwaka 1973. Kokubanza alikuwa amevaa gauni la tetroni la manjano lenye mkanda mpana kiunoni, na viatu vyeupe vilivyopakwa chaki asubuhi hiyohiyo. Alijua anaangaliwa, wala hakuwa msichana wa kujifanya hajui. Alikuwa opereta wa simu pale posta. Sauti yake ilijulikana mpaka Biharamulo, na siku hiyo alitaka uso nao upate haki yake.

Ndipo mwanamume mrefu mwenye shati la kaki akatokea kinyumenyume kati ya mabasi mawili, amekumbatia betri ya lori kama mtoto mchanga, akamkumba.

"Angalia unakokwenda, kaka!"

"Samahani sana, dada. Nilikuwa naiangalia betri isimwagike."

"Na mimi je, nimwagike?"

Mwanamume akacheka. Alikuwa na meno mazuri, na Kokubanza aliyaona mara moja, maana macho yake hayakuwa na kazi nyingine.

"Ni ya darubini yangu," akasema. "Naitwa Datius, mwalimu wa Nshamba. Mwisho wa mwezi jua litapatwa. Nataka kijiji kizima kilione kwenye karatasi nyeupe, bila mtu kuumia macho."

"Darubini inakula betri?"

"Dunia inazunguka, dada. Ukilielekezea jua darubini, muda si muda limeshatoroka. Nimeifungia mota ya gramafoni iwe inalifuata polepole. Betri za tochi zinachoka, mota nayo inalegea. Hii haitalegea."

Utingo akapiga ubao wa basi, Datius akapanda na mzigo wake. Kokubanza akabaki anatabasamu peke yake.

Jumatatu gauni lilipotoka kwenye beseni, tabasamu likaisha. Lilikuwa limetobokatoboka kuanzia tumboni hadi magotini. Tindikali ya betri imekula tetroni kimyakimya.

Nshamba simu ilikuwa moja, ofisini kwa chama cha ushirika, nayo ilitunzwa na karani aliyeitwa Lameki. Kokubanza akachomeka waya.

"Lameki, niitie Mwalimu Datius."

"Yuko darasani, dada."

"Mwambie gauni langu limeota madirisha."

Datius alikuja mbio. Kokubanza alisikia anavyohema.

"Nitakununulia jingine, dada waitu."

"Utanunua, ndiyo. Lakini kwanza nataka kuona hicho kitu ambacho gauni langu limekifia."

"Njoo hata kesho."

"Mwalimu una haraka! Nitakuja nikipenda."

Alipenda upesi kuliko alivyotaka ionekane. Kila siku simu za mji zilipopungua alipiga Nshamba. Lameki akazoea kuacha kalamu na kwenda kusimama mlangoni, ingawa masikio aliyaacha ndani. Datius alimsimulia utoto wake Tabora, ambako baba yake alikuwa mtu wa reli. Kokubanza alimsimulia habari za wakubwa wanaogombana na wake zao kwenye simu wakidhani opereta hana masikio.

"Nikisikia sauti yako, mpenzi, nasahau nilichokuwa nafundisha," alisema Datius siku moja.

"Basi watoto wa Nshamba wana hasara." Lakini siku hiyo alichelewa makusudi kuchomoa waya.

Jumapili moja baada ya ibada alipanda basi la Muleba mpaka Nshamba, amevaa blauzi nyeupe na sketi ya bluu. Nyumba ya mwalimu ilikuwa katikati ya migomba, na barazani betri ilikaa juu ya sanduku la chai.

"Ina nguvu mno kwa mota hii," Datius alieleza. "Nikiunga yote, inazunguka kama kichaa. Lakini betri ina vyumba sita. Nachukua umeme wa vyumba vitatu tu, nusu ya betri."

"Na ile nusu nyingine ikae bure? Upande mmoja utakufa, mwingine umeshiba. Pale kwetu posta fundi wa mitambo anazipokeza betri zamu. Weka swichi, leo upande huu, kesho ule."

Datius alimtazama kama aliyeletewa zawadi. "Mawe, mama yangu wee! Ulikuwa wapi siku zote?"

"Posta. Ungepiga simu."

Wakafanya kazi. Datius alikuwa amezungusha waya wa pasi mbovu kwenye kipande cha mti. Ukisogeza kibanio upande huu mota inapunguza mwendo, ukikirudisha inaongeza. Kokubanza alimenya nyaya kwa kisu, kisu kikateleza kikamkata kidole. Datius alipokimbilia kukishika akajichoma na ncha ya waya. Wakacheka, damu inawatoka wote wawili. Datius akamfunga kidole kwa leso yake, akamshika mkono muda mrefu kuliko kidonda kilivyohitaji.

Kisha akakumbuka kwamba ana mgeni. Akachukua tunda moja kavu la kahawa ya kutafuna kwenye kibuyu, akalivunja, punje zake mbili zikatoka. Moja akampa Kokubanza, nyingine akabaki nayo.

"Tugawane," akasema, anang'aa kwa furaha.

Kahawa ya mwenyeji haikataliwi. Kokubanza alikuwa ameshaitafuna alipoona alama nyekundu kwenye vidole vya Datius. Kahawa moja, punje mbili, na damu. Mhaya gani asiyejua? Huo ni omukago, ndivyo watu wanavyochanjiana udugu, na waliokula omukago ni kaka na dada. Hawaoani milele.

Kumbe ndivyo mwanamume huyu anavyokataa, kwa heshima, bila kusema neno! Akasimama, akageukia migomba machozi yasionekane, akasema basi litamwacha.

Wiki iliyofuata simu kutoka Nshamba ziliita, naye Kokubanza akajibu kwa sauti ya kazi: "Namba hiyo haijibu." Namba iliyoombwa ilikuwa yake mwenyewe. Siku ya tatu akashindwa kuvumilia.

"Unataka nini, kaka Datius?"

"Kaka? Tangu lini? Nimekosa nini, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi. Si ulinilisha omukago? Udugu uliutaka, umeupata." Akachomoa waya.

Baadaye Lameki akapiga mwenyewe. "Dada, nisamehe, nilisikia. Mwalimu hakujua omukago ni nini. Amekulia Tabora huyu! Nimemweleza, akakaa juu ya magunia ya kahawa, mpaka sasa hajainuka."

Kokubanza akafurahi, kisha furaha ikakatika. Hakukusudia, sawa. Lakini damu ilikuwepo na kahawa ililiwa. Alimtaka mtu huyu, alimtaka kuliko chochote, na hakujua kama ameruhusiwa kumtaka. Akaamua kwenda kumwambia usoni, siku ya jua lake.

Jumamosi hiyo uwanja wa shule ya Nshamba ulijaa. Wanafunzi, wakulima, masista, katibu wa TANU wa kata na kofia yake. Darubini ilisimama juu ya miguu mitatu, mota ikinguruma taratibu, na kwenye karatasi jua lilikaa palepale, duara jeupe lililoumwa upande mmoja. Katibu aligusa karatasi kwa kidole, akatazama kidole.

Datius alimwona Kokubanza, akaacha kibanio.

"Umekuja."

"Nimekuja kusema jambo. Ile kahawa tuliyokula..."

"Mimi sikuila."

"Nini?"

Datius akainamisha kichwa. "Siwezi kahawa ya kutafuna. Inanitia kichefuchefu tangu utotoni. Ningekuambiaje, mimi Mhaya? Ulipogeuka nikawatupia kuku."

Kokubanza alimtazama, kisha akacheka kwa sauti hata masista wakageuka. Alicheka mpaka machozi, na machozi yale alikuwa ameyabeba wiki nzima.

"Kwa hiyo mimi ni dada yako, lakini wewe si kaka yangu?"

"Hilo Lameki hakunifundisha."

"Halipo. Omukago wa mtu mmoja haupo popote katika nchi hii."

"Na jambo ulilokuja kusema?"

"La kukuaga. Nilipanga maneno mazuri toka Muleba. Hayana kazi tena." Akajifuta macho, akasimama wima. "Jumapili ijayo njoo Buhembe umwone baba. Njoo na mshenga anayejua kuongea, wewe kaa kimya."

"Mwalimu! Jua linatoka kwenye karatasi!" watoto walipiga kelele.

Wote wawili wakakirukia kibanio. Mkono wa Kokubanza ulifika kwanza, wa Datius ukatua juu yake, wakakisogeza pamoja mpaka jua likarudi katikati, limebaki jembamba kama ukucha. Uwanja mzima ukapoa kama jioni.

"Koku," Datius alinong'ona, "maana yake umekubali?"

"Datius, nimekuita kwa baba yangu. Mwanamke anayekataa hamwiti mtu kwao." Wala hakuuondoa mkono wake, ingawa kijiji kizima kilikuwa kinawatazama.